Tagore: Mshairi aliyeikaribisha dunia katika chuo cha kijijini

DESEMBA 1921, maelfu ya vijana wa India walikuwa wameziacha shule na vyuo vya serikali ya kikoloni, wakiitikia mwito wa Mahatma Gandhi wa kumsusia Mwingereza. Mwezi huohuo, mzee mmoja mwenye ndevu nyeupe alizindua chuo kikuu kijijini na kuwakaribisha wasomi wa mataifa yote, wa Ulaya wakiwamo.

Mzee huyo alikuwa Rabindranath Tagore, mshairi wa Kibengali, wakati huo akiwa na umri wa miaka 60. Wapo wazalendo waliomshangaa, na wapo waliomshutumu waziwazi.

Chuo chake, Visva-Bharati, kipo Santiniketan, karibu na mji wa Bolpur, kiasi cha kilometa 160 kaskazini mwa Kolkata, jiji ambalo wakati huo liliitwa Calcutta. Jina la chuo hufasiriwa kuwa ni makutano ya ulimwengu na India.

La kushangaza ni kwamba mwasisi wa chuo hicho hakuwa na shahada hata moja aliyoisomea. Alizaliwa Calcutta Mei 7, 1861, katika ukoo wenye mali na jina kubwa, lakini shule alizichukia tangu utotoni. Mwaka 1878 alipelekwa Uingereza, akasoma kwa muda katika chuo kimoja cha London, na mwaka 1880 akarejea mikono mitupu. Elimu yake kubwa aliipata nyumbani, miongoni mwa kaka zake na walimu wa kuajiriwa.

Huenda ndiyo sababu, alipofungua shule yake mwenyewe Desemba 1901, aliwatoa watoto nje ya kuta. Eneo la Santiniketan lilikuwa la baba yake, Debendranath, aliyelipata mwaka 1863 kwa ajili ya sala na tafakari. Wanafunzi watano wa kwanza walisoma wakiwa wameketi chini ya miti. Ili shule iendelee, mkewe Mrinalini aliuza vito vyake.

Mwanamke huyo hakuyaona matunda ya sadaka yake, kwani alifariki mwaka 1902. Mwaka 1903 akafa binti yao, Renuka. Mwaka 1905 akafariki baba, na mwaka 1907 kipindupindu kikamchukua mtoto wa mwisho wa kiume, Shamindranath. Shule haikufungwa.

Tusimpambe kupita kiasi, hata hivyo. Katika miaka hiyo ya mwanzo Tagore bado alikuwa amefungwa na desturi za matabaka ya Kihindu. Mwaka 1902 lilipozuka suala la iwapo mwanafunzi wa tabaka la Brahmini anapaswa kumwinamia mwalimu asiye wa tabaka hilo, jibu lake lilikuwa kwamba hapaswi. Moyo wa kuwapokea watu wa kila asili ulimjia polepole, na alianza kwa kujipinga mwenyewe.

Kufikia mwaka 1910 shule hiyo ya Kihindi ilikuwa ikiadhimisha Krismasi kwa nyimbo na ibada, ingawa haikuwa ya Kikristo. Mwaka 1914 alihamia hapo kasisi Mwingereza, Charles Andrews, ambaye baadaye wasomaji wa Afrika Mashariki wangemfahamu kwa safari zake nchini Kenya kufuatilia hali ya Wahindi waliokuwa wakibaguliwa na walowezi. Mwaka huohuo walipokewa vijana wa makazi ya Gandhi ya Phoenix, waliokuwa wametoka Afrika Kusini. Gandhi mwenyewe aliwafuata mwaka 1915, akawashauri wanafunzi wapike na kufagia wenyewe badala ya kutegemea watumishi. Hadi leo Machi 10 hukumbukwa chuoni hapo kwa kazi hizo.

Serikali ya kikoloni nayo haikupendezwa. Kabla ya Vita Kuu ya Kwanza ilikwisha kutoa waraka kwamba shule hiyo haifai kwa watoto wa watumishi wake.

Tuzo ya Nobel ya Fasihi ya mwaka 1913, ya kwanza katika fasihi kwa mtu asiye wa Ulaya, ilimpa Tagore sauti ya kimataifa. Mwaka 1916 alizunguka Japani na Marekani akionya dhidi ya uzalendo unaoabudu taifa, huku Ulaya ikiteketea kwa vita. Akiwa Marekani alimwandikia mwanawe kwamba Santiniketan haina budi kuwa uzi wa kuiunganisha India na dunia.

Asidhaniwe kuwa alikuwa kibaraka wa Waingereza. Baada ya askari wao kuwaua mamia ya raia mjini Amritsar mwaka 1919, alikikataa cheo cha Sir alichopewa mwaka 1915. Hoja yake kwa Gandhi, walipokutana Calcutta Septemba 1921, ilikuwa nyingine: kumkataa mtawala ni haki, lakini kuikataa elimu kwa sababu ya alikotoka mwalimu ni kujifungia gizani. Hawakukubaliana, wala hawakuvunja urafiki wao.

Walimu waliitikia. Sylvain Lévi alitoka Paris. Stella Kramrisch, mzaliwa wa Austria, alifundisha historia ya sanaa. Leonard Elmhirst, Mwingereza aliyesomea kilimo, alianzisha mwaka 1922 kituo cha maendeleo ya vijiji jirani, Sriniketan. Mwaka 1929 alifika Mjapani Shinzo Takagaki kufundisha judo, na wasichana pia waliingia ulingoni. Mchina Tan Yun-shan alifika mwaka 1928, na mwaka 1937 likafunguliwa jengo la masomo ya Kichina, China na Japani zikiwa katika mkesha wa vita.

Milango iliyo wazi ina hatari zake. Mussolini alituma vitabu na mtaalamu, Giuseppe Tucci, na mwaka 1926 Tagore akaenda Italia kama mgeni wa heshima, ambako magazeti ya huko yalimgeuza kuwa shabiki wa ufashisti. Alipoupata ukweli kutoka kwa waliokimbia utawala huo, aliushutumu gazetini. Tucci akaondoka chuoni.

Mzigo mzito kuliko yote ulikuwa fedha. Vyeti vya chuo havikutambuliwa na serikali, na wafadhili walikuwa wachache. Mwaka 1936, akiwa na miaka karibu 75 na afya dhaifu, Tagore alikuwa bado akizunguka miji ya kaskazini na kundi la wanafunzi, akionyesha tamthilia za ngoma ili kupata mchango. Gandhi alipomkuta Delhi katika hali hiyo aliona aibu, akamtafutia hundi ya rupia 60,000 na kumsihi arudi nyumbani.

Februari 1940 Gandhi alizuru Santiniketan kwa mara ya mwisho wakati wa uhai wa mwenyeji wake. Walipoagana, Tagore alimkabidhi barua iliyomwomba akilinde chuo. Alifariki Agosti 7, 1941, katika nyumba ileile aliyozaliwa.

Gandhi aliifikisha barua hiyo kwa Maulana Azad, waziri wa kwanza wa elimu wa India huru, na mwaka 1951 Bunge likakifanya Visva-Bharati kuwa chuo kikuu cha taifa.