Mtakatifu Vincent de Paul, Rafiki wa Maskini

Vincent alizaliwa katika kijiji cha Pouy, kusini mwa Ufaransa. Wazazi wake walikuwa wakulima, naye alipokuwa mtoto alichunga mifugo ya baba yake. Mwaka 1600 alipata upadri.

Mwaka 1617 Vincent alikuwa paroko wa Châtillon. Dominika moja, alipokuwa akivaa mavazi ya Misa, aliambiwa kwamba katika nyumba moja nje ya mji watu wote ni wagonjwa, wala hakuna wa kuwatunza. Vincent hakuficha neno hilo. Aliwaambia Wakristo wote katika mahubiri. Alasiri alipokwenda kuwatazama wagonjwa, alikuta njia imejaa watu waliowapelekea chakula. Alifurahi, lakini aliona kwamba chakula cha siku ile ni kingi mno, kitaoza, na baadaye wagonjwa watalala njaa. Basi akawakusanya wanawake wa parokia, akawapangia zamu, kila mmoja siku yake.

Baadaye vita viliharibu nchi ya Lorraine. Wakubwa wengi wa huko walikimbilia Paris. Zamani walikuwa na mashamba na watumishi. Sasa hawakuwa na kitu, nao waliona haya kuomba. Kama Vincent angalitangaza majina yao kanisani, wangaliona afadhali kufa na njaa kuliko kupokea. Kwa hiyo aliwaita mabwana wachache wenye mali. Walichanga feza kila mwezi, wakawapelekea nyumbani kwao pasipo kelele, kama rafiki amtembeleavyo rafiki.

Inasimuliwa kwamba siku moja feza hazikutosha. Vincent akamnong'oneza mtunza feza wa nyumba yake atoe zile chache zilizobaki kwa chakula chao wenyewe. Bwana mmoja akasikia, akaguswa moyo, na kesho yake akaleta feza nyingi.

Vincent alifariki Paris tarehe 27 Septemba 1660. Mwaka 1737 Kanisa lilimtangaza Mtakatifu.

Watoto, tazameni: Vincent alitangaza shida ili wengi wasaidie, lakini aliisitiri aibu ya maskini, na sadaka yake mwenyewe aliificha. Nanyi mkimpa mwenzenu daftari au chakula, msimtangaze mbele ya darasa.

Maswali
1. Kwa nini Vincent aliwapangia wanawake zamu?
2. Kwa nini wakubwa wa Lorraine walisaidiwa kwa siri?