Oscar Hammerstein II

Oscar Greeley Clendenning Hammerstein II (New York, 12 Julai 1895 – Doylestown, Pennsylvania, 23 Agosti 1960) alikuwa mwandishi wa tamthilia za muziki na mtunzi wa maneno ya nyimbo kutoka nchini Marekani. Anajulikana hasa kwa kazi alizofanya pamoja na mtunzi wa muziki Richard Rodgers, zikiwemo Oklahoma!, Carousel, South Pacific, The King and I na The Sound of Music.

Mwaka 1957 wawili hao waliandika Cinderella kwa ajili ya televisheni, kutokana na ngano ya kale ya Ulaya. Ndiyo kazi pekee waliyoiandika moja kwa moja kwa ajili ya chombo hicho. Ilionyeshwa usiku mmoja tu, ikiigizwa na watu halisi mbele ya kamera huku nchi ikitazama, na watazamaji wake walikadiriwa kuwa zaidi ya milioni 100.

Familia na maisha ya awali

Hammerstein alizaliwa katika familia ya watu wa maonyesho. Babu yake, Oscar Hammerstein I, alikuwa mhamiaji kutoka Prussia aliyepata fedha katika biashara ya sigara, kisha akazitumia kujenga kumbi za maonyesho na za opera mjini New York. Baba yake, William, alisimamia ukumbi wa Victoria uliokuwa mali ya babu huyo. Familia ya baba ilikuwa ya Kiyahudi, na mama yake, Alice Nimmo, alikuwa wa asili ya Uskoti. Mama alifariki mwaka 1910, Oscar akiwa na umri wa miaka 15.

Ingawa William mwenyewe aliishi kwa kazi ya ukumbi, hakutaka mwanawe aifuate. Kwa sababu hiyo Oscar aliingia Chuo Kikuu cha Columbia mwaka 1912 akilenga kuwa mwanasheria. Baba yake alifariki mwaka 1914, na baada ya hapo kijana alianza kushiriki katika maonyesho ya wanafunzi chuoni. Huko ndiko alikofahamiana na Lorenz Hart na pia Richard Rodgers, ambaye wakati huo alikuwa bado mvulana. Baadaye aliacha masomo ya sheria na kumwomba ajira mjomba wa upande wa baba, Arthur Hammerstein, aliyekuwa mtayarishaji wa maonyesho. Alianza kama msaidizi wa msimamizi wa jukwaa.

Hammerstein alioa mara mbili. Ndoa yake ya kwanza, na Myra Finn, ilifungwa mwaka 1917 na kuwapatia watoto wawili. Ilivunjika mwaka 1929, na mwaka huohuo alimwoa Dorothy Blanchard, mzaliwa wa Australia, ambaye alizaa naye mtoto mmoja na kuishi naye hadi kifo chake.

Kazi ya mwanzo

Tamthilia yake ya kwanza, The Light, ilionyeshwa mwaka 1919 na haikudumu. Alijifunza zaidi alipofanya kazi na Otto Harbach, mwandishi mwenye uzoefu aliyemfundisha kwamba wimbo unapaswa kutokana na hadithi, si kupachikwa ndani yake. Katika miaka ya 1920 alipata mafanikio na Rose-Marie (1924) na The Desert Song (1926).

Tarehe 27 Desemba 1927 ilifunguliwa Show Boat, aliyoiandika pamoja na mtunzi Jerome Kern kutokana na riwaya ya Edna Ferber. Wakati huo maonyesho mengi ya muziki yalikuwa ya vichekesho na wacheza dansi, na hadithi ilikuwa kisingizio tu cha kuunganisha nyimbo. Show Boat ilizungumzia ubaguzi wa rangi, ndoa iliyovunjika na maisha magumu ya Wamarekani weusi waliofanya kazi kando ya mto Mississippi. Wanahistoria wengi wa tamthilia huihesabu kama mwanzo wa enzi mpya.

Miaka ya kushindwa

Baada ya hapo kilifuata kipindi kirefu cha kushindwa. Katika miaka ya 1930 Hammerstein alijaribu bahati yake New York, London na Hollywood, lakini kazi nyingi zilifungwa mapema. Very Warm for May ya mwaka 1939 ilionyeshwa mara 59 tu, na Sunny River ya mwaka 1941 mara 36. Nyimbo zake mojamoja ziliendelea kupendwa, na mwaka 1942 alipewa Tuzo ya Oscar kwa wimbo kuhusu mji wa Paris, lakini wengi katika Broadway waliona kwamba wakati wake umepita.

Mwaka 1940 alinunua shamba karibu na Doylestown, Pennsylvania. Huko aliandika akiwa amesimama mbele ya meza ndefu, na mara nyingi alitumia siku kadhaa kwa wimbo mmoja.

Ushirikiano na Richard Rodgers

Rodgers naye alikuwa katika shida. Mwenzake wa miaka mingi, Lorenz Hart, alikuwa ameshindwa kuendelea na kazi kutokana na ulevi. Rodgers alimwendea Hammerstein, na wawili hao wakaandika Oklahoma!, iliyofunguliwa tarehe 31 Machi 1943. Ilionyeshwa mara 2,212, idadi ambayo hakuna tamthilia ya muziki ya Broadway iliyokuwa imewahi kuifikia.

Hammerstein hakusahau alikotoka. Baada ya mafanikio hayo alilipia tangazo katika gazeti la Variety, kisha badala ya kujisifu akaorodhesha humo maonyesho yake yaliyoanguka, na kueleza kwa utani kwamba jambo hilo linaweza kumtokea tena.

Alipofanya kazi na Kern, kwa kawaida muziki ulitangulia na maneno yakafuata. Kwa Rodgers utaratibu uligeuka: Hammerstein aliandika maneno kwanza. Hivyo wimbo ulianza na mhusika na jambo linalomsumbua, na muziki ukalifuata jambo hilo. Kwa njia hii waliandika Carousel (1945), South Pacific (1949), The King and I (1951) na The Sound of Music (1959). South Pacific ilipata Tuzo ya Pulitzer ya tamthilia mwaka 1950. Lakini si kila kitu kilifanikiwa: Pipe Dream ya mwaka 1955 iliwapa hasara.

Cinderella kwenye televisheni

Mwaka 1955 kituo cha NBC kilirusha tamthilia ya muziki ya Peter Pan, ikiigizwa na Mary Martin, na mamilioni ya familia waliitazama. CBS, iliyokuwa mshindani wake, ilitaka onyesho la aina hiyo. Rodgers na Hammerstein walikubali kuiandikia, na kwa ajili ya nafasi ya Cinderella akapatikana Julie Andrews, Mwingereza wa miaka 21 aliyekuwa akivuma Broadway katika My Fair Lady.

Hammerstein alifuata masimulizi ya Mfaransa Charles Perrault yaliyochapishwa mwaka 1697. Hakutaka kuigeuza hadithi. Aliamini kwamba watoto wangetaka kuitambua ngano wanayoijua, pamoja na boga, panya, saa sita ya usiku na kiatu cha kioo, na kwamba ni wepesi wa kumkosoa anayeiharibu. Alichobadilisha ni watu wenyewe. Dada wa kambo waligeuka kuwa wa kuchekesha kuliko wa kutisha. Mfalme na malkia wakawa mume na mke wa kawaida wanaohangaikia gharama na maandalizi ya sherehe. Yule mama wa ajabu anayemtokea Cinderella alifanywa kijana na mcheshi, naye humsaidia msichana ambaye tayari ameanza kuamini kwamba jambo lisilowezekana huenda likawezekana. Mwana wa mfalme naye hujiuliza katika wimbo kama anampenda Cinderella kwa sababu ni mzuri, au anamwona mzuri kwa sababu anampenda.

Mwandishi wa ukumbini alikutana hapa na masharti mapya. Onyesho lilipaswa kumalizika ndani ya dakika 90, matangazo ya biashara yakiwemo, kwa hiyo hadithi iligawanywa katika vipande vifupi. Hapakuwa na watazamaji studioni wa kucheka au kupiga makofi, wala majuma ya majaribio katika miji mingine ya kusahihishia makosa kama ilivyokuwa desturi ya Broadway. Badala yake waigizaji walilicheza onyesho lote mara mbili kabla ya siku yenyewe na likarekodiwa ili waandishi walitazame. Marudio hayo yalipewa majina ya New Haven na Boston, miji ambayo tamthilia za Broadway zilizoea kujaribiwa.

Cinderella ilirushwa na CBS Jumapili tarehe 31 Machi 1957, miaka 14 kamili tangu kufunguliwa kwa Oklahoma!. Iliongozwa na Ralph Nelson. Waigizaji zaidi ya 50, wanamuziki zaidi ya 30, kamera kubwa za rangi na mapambo ya ikulu vilibanwa katika studio moja ya Manhattan. Kila kitu kilifanyika papo hapo: aliyebadilisha nguo alikimbia nyuma ya kamera, na aliyesahau maneno angesahau mbele ya taifa zima.

Wahakiki waligawanyika, lakini watazamaji walikadiriwa kufikia milioni 107, yaani zaidi ya nusu ya wakazi wote wa Marekani wa wakati huo. Ukumbi wenye viti 1,500, ukijaa katika maonyesho 8 kwa juma, ungehitaji takriban miaka 170 kupokea idadi hiyo.

Onyesho hilo karibu litoweke. Mikanda ya video ya rangi ilikuwa bado haijaanza kutumika, kwa hiyo rangi zake hazikuhifadhiwa. Kilichobaki ni nakala ya rangi nyeusi na nyeupe, iliyopatikana kwa kuelekeza kamera ya filamu kwenye skrini ya televisheni. Kwa miaka mingi umma haukuweza kuiona, hadi ilipoonyeshwa tena kwenye televisheni na kutolewa kwa DVD mwaka 2004.

Msimamo kuhusu ubaguzi

Hammerstein alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa jumuiya ya kupinga Unazi iliyoundwa Hollywood mwaka 1936. Mwaka 1943 alitoa Carmen Jones, ambayo ni opera Carmen ya Georges Bizet iliyohamishiwa Marekani na kuigizwa na Wamarekani weusi. Alimsaidia pia mwandishi Pearl Buck katika Welcome House, shirika lililotafutia familia watoto wenye asili ya Asia ambao mashirika mengine hayakuwapokea.

Katika South Pacific aliweka wimbo unaosema kwamba mtu hazaliwi na chuki ya rangi, bali hufundishwa. Alishauriwa auondoe, lakini yeye na Rodgers walikataa. Mwaka 1953 tamthilia hiyo ilipofika Georgia, baadhi ya wabunge wa jimbo hilo waliulalamikia wimbo huo na kudai una mawazo ya kikomunisti.

Mwalimu wa Stephen Sondheim

Jirani yake Doylestown alikuwa kijana Stephen Sondheim, rafiki wa mwanawe James. Sondheim, ambaye wazazi wake walikuwa wametengana, alimwona Hammerstein kama baba wa pili. Akiwa na miaka kama 15 alimletea tamthilia aliyoiandika shuleni. Hammerstein aliiona mbaya sana na akamwambia hivyo, kisha akakaa naye mchana kutwa akimweleza sababu, mstari kwa mstari. Baadaye alimpa zoezi la kuandika tamthilia nne za aina tofauti. Sondheim alikuja kuwa mmoja wa watunzi wakubwa wa Broadway, na alisema mara nyingi kwamba mchana ule ulimfundisha kuliko shule.

Kifo

Mwezi Septemba 1959, wakati The Sound of Music ikiandaliwa, Hammerstein aligunduliwa kuwa na saratani ya tumbo na akafanyiwa upasuaji. Aliendelea na kazi, na wimbo wa mwisho aliouandika, kuhusu ua dogo la milima ya Alps, uliongezwa katika tamthilia hiyo kabla ya kufunguliwa New York tarehe 16 Novemba. Aliamua kutumia miezi yake ya mwisho nyumbani, akafariki shambani kwake tarehe 23 Agosti 1960 akiwa na umri wa miaka 65. Tarehe 1 Septemba taa za Times Square zilizimwa kwa dakika moja kwa heshima yake.

Urithi

Cinderella haikubaki kuwa onyesho la usiku mmoja. Mwaka 1958 iligeuzwa kuwa mchezo wa jukwaani mjini London. Mwaka 1965 CBS iliitengeneza upya kwa mkanda wa video wa rangi, Lesley Ann Warren akiwa Cinderella, na toleo hilo lilirudiwa mara kadhaa hadi mwaka 1974. Mwaka 2013 ilifika Broadway kwa mara ya kwanza, ikiwa na masimulizi yaliyoandikwa upya.

Toleo la tatu la televisheni lilirushwa na ABC tarehe 2 Novemba 1997 na kutazamwa na watu wapatao milioni 60. Cinderella aliigizwa na Brandy, mwimbaji Mmarekani mweusi, na mama wa ajabu akawa Whitney Houston. Mwana wa mfalme alikuwa Paolo Montalban, mzaliwa wa Ufilipino, na mama yake malkia akawa Whoopi Goldberg. Hakuna mhusika katika hadithi aliyeshangazwa na rangi ya mwenzake. Kwa watoto wengi weusi wa Marekani, huyo ndiye binti wa ngano wa kwanza waliyemwona kwenye televisheni akifanana nao.