Maisha ya Ibn al-Shatir, Muwakiti wa Dameski

Himdi zote ni za Mwenyezi Mungu, na sala na salamu zimshukie Mtume wetu Muhammad, na aali zake na sahaba zake. Ama baad.

Sheikh Alaudin Ali bin Ibrahim, ajulikanaye kwa jina la Ibn al-Shatir, alizaliwa Dameski katika nchi ya Sham, karibu na mwaka 1305. Babake alifariki naye angali mtoto mdogo. Akalelewa na jamaa zake, akafundishwa kazi ya kutia nakshi za pembe za ndovu. Kisha alisafiri Misri akasoma ilimu ya falaki. Baadaye akawa muwakiti, yaani mwenye kuangalia nyakati za Sala, katika Msikiti wa Bani Umayya, na tena mkuu wa waadhini.

Si kazi ndogo hiyo. Sala ina wakati wake, na muwakiti akikosea hesabu huukosesha mji mzima. Basi katika mwaka 773 wa Hijra (1371–72) alichora juu ya bamba kubwa la marumaru mistari ya kupimia kivuli cha jua, yenye kuonyesha saa na wakati wa Alasiri, likawekwa katika mnara wa msikiti.

Lakini lililo kubwa zaidi ni habari ya mwezi. Kwa zaidi ya miaka 1,000 watu walikifuata kitabu cha Batlimusi wa Iskandaria. Hesabu zake zilionyesha vyema mwezi utakuwa upande gani wa mbingu. Lakini kwa masafa aliyoyaweka, mwezi wa nusu ungalionekana mara nyingine mpana karibu maradufu kuliko mwezi mpevu. Kila mvuvi ajua kuwa haiwi hivyo. Ibn al-Shatir hakunyamaza kwa heshima ya kitabu. Katika Nihayat al-Sul alipanga duara ndogo mbili juu ya duara kubwa, na kasoro ile ikaondoka. Mwaka 1543 Copernicus wa Poland alipiga chapa hesabu ya mwezi iliyo sawa na hiyo, na wenye ilimu waliutangaza mfanano huo mwaka 1957.

Hata hivyo, ndugu zangu, tusimpe sifa isiyo yake. Yeye naye aliiweka dunia katikati, imetulia. Sasa twajua, kwa kanuni ya mvutano aliyoieneza Isaac Newton mwaka 1687, ya kuwa dunia na mwezi huzunguka pamoja kituo kimoja cha uzito. Mfano wake ni mchukuzi wa mzegazega: mzigo mmoja ukizidi, husogeza bega lake karibu na ule mzito. Dunia yaushinda mwezi kwa uzito kama mara 81; kwa hiyo kituo chao ki ndani ya dunia yenyewe, kama kilomita 4,670 kutoka kiini chake, nayo ni kama kilomita 1,700 chini ya ardhi tuikanyagayo.

Alifariki karibu na mwaka 1375. Mwenye kudai kwamba wazee wetu walijua yote amewadhulumu, kwani wao wenyewe waliwasahihisha waliowatangulia, kwa adabu na kwa kipimo. Tuwasomeshe watoto wetu hesabu na falaki pamoja na fiqhi, wapate kuifuata njia hiyo. Mwenyezi Mungu amrehemu, atunufaishe kwa ilimu yake. Amin.