SPEKE NA MAJI YA KUCHEMKA



Mwezi uliopita sisi wa mwaka wa sita tulifanya kazi ya fizike. Tulitia maji ndani ya sufuria, tukaiweka juu ya mbabula, tukangojea yachemke, kiisha tukaingiza termometa. Termometa ilipanda mpaka 97 na kidogo, ikasimama. Tuliongeza makala, tukapepea, maji yakatokota kwa nguvu, lakini ile termometa haikupanda tena hata kidogo. Kitabu kinasema maji huchemka kwa digri 100. Basi wengi wetu tulifuta 97, tukaandika 100, juu ya kuogopa kupoteza pointi. Na mimi, kapita wenu, nilifuta. Siku ya kurudishiwa makaratasi tuliona kwamba waliopata pointi zote ni wawili tu, wale walioandika walichokiona kwa macho yao.

Tangu siku ile nilitafuta habari ya mtu mmoja aliyekuja zamani kupima ziwa letu kwa maji ya kuchemka. Leo ninawaletea maisha yake.

Jina lake ni John Hanning Speke. Alizaliwa tarehe 4 Mei 1827 katika jimbo la Devon, Uingereza. Mwaka 1844, akiwa bado kijana wa miaka 17, aliingia jeshi la Waingereza kule India. Alipigana vita vya Punjab, na wakati wa likizo alipanda milima ya Himalaya, akiwinda na kuchora karata za nchi. Mwaka 1854 alikutana na Richard Burton huko Aden. Mwaka 1855 watu walishambulia kambi yao usiku kule Berbera, pwani ya Somalia. Speke alikamatwa, akachomwa mikuki mara nyingi, lakini alikimbia akapona.

Mwisho wa mwaka 1856 hao wawili walifika Zanzibar. Walitumwa na chama cha jiografia cha London kutafuta maziwa makubwa ya bara, na kujua mto Nile unatokea wapi. Mwezi wa Juni 1857 waliacha pwani pamoja na wapagazi, waaskari na wakalimani. Mmoja wao aliitwa Sidi Mubarak Bombay. Huyu alikuwa Myao, alikamatwa utumwani akiwa mtoto, akapelekwa India, akapata uhuru, akarudi Afrika. Speke hakujua Kiswahili, basi alisema na Bombay kwa lugha ya Kihindi, naye Bombay akawaambia wenyeji. Bila yeye Speke alikuwa kama bubu. Wazungu walipewa sifa, lakini njia ilijulikana na watu weusi na Waarabu mbele yao. Babu zetu walivua samaki katika ziwa hili miaka mingi bila kungoja mtu wa kuligundua.

Tarehe 13 Februari 1858 walifika ziwa Tanganyika, karibu na Ujiji. Lakini Speke alikuwa mgonjwa wa macho. Alisafiri miezi saba na zaidi kuja kuona ziwa, na alipofika aliona ukungu tu! Mwezi wa tatu alivuka kwa mtumbwi kwenda ng'ambo yetu, kwenye kisiwa cha Kasenge, kuomba dau la Mwarabu mmoja. Njiani, usiku wa dhoruba, mdudu aliingia ndani ya sikio lake. Alijaribu kumtoa kwa kumwaga siagi iliyoyeyushwa, ikashindikana, kiisha akamchokora kwa ncha ya kisu. Mdudu alikufa, lakini sikio liliumia, akawa kiziwi wa upande mmoja kwa muda mrefu. Dau hakupata.

Mwezi wa Aprili yeye na Burton walipanda kaskazini kwa mitumbwi. Walipita Ubwari, ambayo walifikiri ni kisiwa, na sisi wote tunajua kwamba ni rasi. Kutoka pale walivuka mpaka pwani hii ya mangaribi, wakafika Uvira tarehe 26 Aprili 1858. Walitaka kuona mto Ruzizi: je, unatoka ziwani, ao unaingia? Kama unatoka, labda huo ndio mwanzo wa Nile. Wenyeji waliwaambia kwamba unaingia. Lakini wapiga kasia walikataa kwenda mbele, basi hao wazungu walirudi bila kuona wenyewe.

Sasa tufike kwenye maji ya kuchemka. Ili kujua kama maji ya ziwa yanaweza kufika mahali fulani, inafaa kujua ziwa liko juu kiasi gani, kwa sababu maji hayapandi mlima. Speke hakuwa na ndege wala satelite. Alikuwa na moto, chombo cha maji na termometa. Kazi ni hivi. Hewa ina uzito, nayo inakandamiza maji yaliyo ndani ya sufuria. Maji yanapochemka, mapovu ya mvuke yanatoka chini, na ni lazima yawe na nguvu ya kushindana na hewa hiyo. Kando ya bahari hewa ni nzito, maji yanangoja digri 100. Ukipanda juu, hewa inapungua, na mvuke unashinda mapema. Kila ukipanda kama metre 300, maji yanachemka digri moja chini. Ziwa letu liko kama metre 770 juu ya bahari. Hesabu wenyewe: tunapoteza digri mbili na nusu na kidogo. Ndiyo maana tulipata 97 na kidogo. Sufuria yetu haikusema uongo.

Kwa nini kuongeza makala hakukusaidia? Moto unapita katika chuma cha sufuria, unaingia ndani ya maji. Maji yakiisha kuchemka, joto lote linaloingia linatumika kugeuza maji kuwa mvuke, si kuyapandisha digri. Ukipepea sana, maji yanapunguka haraka tu, na makala yanaisha bure. Na wale waliozaliwa juu, kwenye milima ya Itombwe, wanajua shida ya maharagi. Kule maji yanatokota mbele ya kufika digri tunazopata hapa ziwani, basi maharagi yanakawia kuiva. Mama anayeweka kifuniko na jiwe juu yake anajua fizike.

Turudi kwa Speke. Vyombo vingi vya safari viliharibika njiani. Kwa ziwa Tanganyika hesabu yake ilitoa karibu futi 1,850, ndiyo kusema kama metre 560. Alikosa kwa metre 200 na zaidi! Lakini tazameni: metre 200 ni chini ya digri moja kwenye termometa, kale kamstari kadogo ambako jicho linaweza kuruka. Basi wasomaji wa Ulaya walifikiri ziwa letu liko ndani ya shimo.

Kutoka Kazeh, ndiyo Tabora ya leo, Speke alimwacha Burton mgonjwa, akaenda kaskazini. Tarehe 3 Agosti 1858 aliona ziwa kubwa karibu na Mwanza, akaliita Victoria kwa jina la malkia wao. Hapo alibaki na termometa ya kawaida, ile ya kupimia maji ya kuoga. Alichemsha maji, akapata hesabu yake. Ukweli ni karibu metre 1,134. Mara hii alikaribia sana. Aliamini palepale kwamba Nile inatoka huko. Burton alikataa, akasema hakuna ushuhuda wa kutosha. Urafiki wao ukaisha.

Mwaka 1860 Speke alirudi Afrika pamoja na James Grant. Walipita Karagwe kwa mfalme Rumanika, na Buganda kwa Mutesa. Tarehe 28 Julai 1862 Speke aliona mto ukitoka ziwa Victoria kwa maporomoko. Kitabu chake kilitoka mwaka 1863. Ndani yake aliandika pia kwamba jamii fulani zilitoka mbali na zilizaliwa kutawala zingine. Jambo hili hakulipima kwa chombo chochote, lakini watu walilipokea kama hesabu, na nchi zetu za maziwa makubwa zimeona machungu yake.

Kule kwao ubishi uliendelea. Samuel Baker alifika ziwa Albert mwaka 1864, naye akapima kwa maji ya kuchemka, akalipandisha kama metre 200 kupita ukweli. Kwa hesabu za hao wawili Tanganyika ilikuwa chini ya Albert. Kwa kweli Tanganyika iko juu ya Albert kwa metre 150 hivi. Namba mbili mbaya zilitosha kugeuza karata nzima.

Speke na Burton walipaswa kubishana mbele ya wataalamu katika mji wa Bath tarehe 16 Septemba 1864. Siku moja mbele, Speke alikwenda kuwinda ndege. Alipopanda ukuta wa mawe, bunduki yake ililia, risasi ikamwingia kifuani. Alikufa akiwa na miaka 37. Wachunguzi waliamua kwamba ilikuwa ajali. Hakujua kama alishinda.

Alishinda. Mwezi wa Novemba 1871 Stanley na Livingstone walikwenda kwa mtumbwi mpaka mdomo wa Ruzizi, wakaona maji yanaingia, sawa vile watu wa Uvira walivyosema tangu 1858. Na mwaka 1875 Stanley alizunguka ziwa Victoria lote, akaona ni ziwa moja kubwa.

Ndugu zangu, mimi naona hivi. Speke alipima mara mbili kwa namna moja. Mara moja alikaribia, mara nyingine alipotea, na yeye mwenyewe hakuweza kujua ni ipi. Lakini aliandika alichokiona, basi wengine walikuja nyuma, wakapima tena, wakasahihisha. Mimi nilifuta 97. Namba iliyofutwa hakuna mtu atakayeisahihisha. Ninyi wadogo wa mwaka wa kwanza na wa pili, mkifika kwenye kazi ile, mwandike 97 na kidogo. Na kama yenu itaonyesha 96, mwandike 96, kiisha mwite mwalimu muulizane pamoja naye kwa nini.

Kapita wenu, mwaka wa sita