Allan Cormack: Mwalimu wa fizikia aliyeona ndani ya mwili

Ukitaja hospitali ya Groote Schuur ya Cape Town, wengi watamkumbuka Dkt. Christiaan Barnard, aliyepandikiza moyo wa binadamu mwaka 1967. Mimi ninayefundisha fizikia humkumbuka mwingine, aliyepita humo miaka 11 kabla yake, wala hakuwa daktari.

Hayati Allan MacLeod Cormack alizaliwa Johannesburg tarehe 23 Februari 1924. Wazazi wake walitoka Scotland, baba mhandisi wa posta na mama mwalimu. Baba alifariki mwaka 1936, familia ikahamia Cape Town. Kijana alisoma fizikia katika chuo kikuu cha huko, kisha akaenda Cambridge, Uingereza. Huko alimpata mchumba Mmarekani, Barbara Seavey. Alitaka kuoa na mfuko ulikuwa mtupu, basi akaomba kazi nyumbani na mwaka 1950 akarudi kuwa mhadhiri, bila kumaliza shahada ya uzamivu. Hakuipata hadi mwisho wa maisha yake.

Mwaka 1955 mtaalamu wa fizikia wa Groote Schuur aliacha kazi. Sheria ilidai awepo mtu wa kusimamia vitu vya mionzi, na Cormack ndiye aliyefaa. Mwanzoni mwa 1956 akawa anakwenda siku moja na nusu kwa wiki. Aliona madaktari wakipanga tiba ya mionzi kana kwamba mwili ni kitu kimoja tupu, ilhali mfupa, pafu na nyama hazizuii mionzi sawasawa. Picha ya kawaida ya eksirei nayo haikumsaidia, kwani hulaza vivuli vyote kimoja juu ya kingine.

Wafanyabiashara wa mpakani wanaijua bambo, ile inayochomwa kwenye gunia kutoa punje za katikati. Cormack alitaka kujua kilichomo ndani ya gunia pasipo bambo. Alifikiri kwamba mionzi ikipitishwa kutoka pande nyingi, na kila mara nguvu iliyobaki ikapimwa, hesabu itaweza kueleza kilichopo kila mahali ndani.

Mwaka 1957 alijaribu kwa kisahani cha alumini kilichozungushiwa mbao, akitumia mionzi ya kobalti. Majibu yakaonyesha kasoro ndogo katikati, asiyoijua. Alipouliza karakana iliyokitengeneza, akaambiwa kwamba katikati kulikuwa na kipande cha alumini ya aina nyingine. Hapa ndipo wanafunzi wangu huacha kunong'onezana.

Mwaka huohuo alihamia Chuo Kikuu cha Tufts, Massachusetts, Marekani. Alichapisha hesabu zake mwaka 1963 na 1964, na karibu hakuna aliyejali. Ombi la nakala lililomfurahisha zaidi lilitoka Uswisi, kwa watafiti wa maporomoko ya theluji! Huko Uingereza, Godfrey Hounsfield wa kampuni ya EMI, bila kujua kazi ya Cormack, aliunda mashine iliyompiga picha mgonjwa wa kwanza mwaka 1971. Mwaka 1979 wawili hao waligawana Tuzo ya Nobel ya Tiba. Hata Hounsfield hakuwa na shahada ya uzamivu. Sisi tuliosoma ukimbizini, ambao vyeti vyetu hugeuzwageuzwa mezani kila tunapoomba kazi, tunaisoma habari hii mara mbili.

Mashine za mwanzo zilichukua dakika kadhaa kwa picha moja, na moyo haukai kumsubiri mtu. Leo mgonjwa hudungwa dawa ya iodini mkononi, na mashine hunasa mishipa inayoulisha moyo kwa muda mfupi sana. Lakini kuona mshipa uliobanwa hakutoshi. Lango jembamba la mpakani halina foleni alfajiri. Siku ya soko ndipo watu hukwama. Mshipa nao ni hivyo: pengine unatosha mtu akiwa ameketi, akipanda mlima na mzigo kifua kinabana. Ili kujua, madaktari walilazimika kuingiza waya mwembamba hadi moyoni, kupitia kinenani au kifundo cha mkono, wapime shinikizo la damu kabla na baada ya pale palipobanwa. Tangu 2014 Marekani imeidhinisha programu inayokokotoa tofauti hiyo kutoka kwenye picha tu. Uwiano ukifika 0.80 au chini, damu ina hatari ya kutotosha. Waya haujastaafu, maana chokaa nyingi mshipani au picha iliyotikisika huharibu hesabu. Hata hivyo, wapo wanaoepushwa na waya, na kwangu hilo ni jambo kubwa.

Cormack hakuyaona hayo. Alifariki Massachusetts tarehe 7 Mei 1998 kwa saratani. Mwaka 2002 Afrika Kusini ilimtunuku Nishani ya Mapungubwe, akiwa raia wa Marekani tangu 1966 na marehemu kwa miaka 4.