Bakhita, Mkatekumeni Asiyerudi Nyuma
Mwaka 2009 Waitalia walitengeneza sinema juu ya maisha ya Mtakatifu Yosefina Bakhita. Ni nani huyu? Alizaliwa Darfur, nchini Sudani, yapata mwaka 1869. Angali mtoto alitekwa, akauzwa mara nyingi; kwa hofu akasahau hata jina lake la kwanza. Mwaka 1885 alipelekwa Italia. Mjini Venezia masista wakamfundisha dini. Bibi aliyemtumikia alipotaka kurudi naye Afrika, Bakhita alikataa kuondoka kabla ya kubatizwa, ijapokuwa aliumia kuachana na mtoto aliyekuwa akimlea. Tarehe 29 Novemba 1889 mahakama ilitamka kwamba yu huru. Akabatizwa tarehe 9 Januari 1890, kisha akawa sista. Alikufa mwaka 1947. Mkatekumeni, ukishawishiwa kuacha mafundisho, mkumbuke Bakhita.