Albert Sabin, munganga wa staji aliyefuata virusi mpaka kwenye matone ya polio

Wakati wa kampeni ya polio, wale wanaopita nyumba kwa nyumba wanamfungua mtoto kinywa, wanatia matone mawili, wanapaka wino kwenye kidole, basi, wanaenda kwa jirani. Wazazi wengi wanajiuliza haya matone yalitoka wapi. Jibu linaanzia kwa munganga mmoja aliyekuwa bado anajifunza kazi.

Albert Sabin alizaliwa mwaka 1906 huko Białystok, mji ulio leo ndani ya Poland, katika familia ya Wayahudi. Mwaka 1921 walihamia Marekani. Mjomba wake, munganga wa meno, alikubali kumlipia masomo ili naye ashike kazi hiyo. Lakini moyo wa kijana ulikuwa kwenye vijidudu. Akaacha meno, msaada ukakatika, akabaki kujitafutia mwenyewe pesa ya shule. Akamaliza udaktari New York mwaka 1931. Mwaka ule ule polio ikapiga mji, watoto wengi wakapooza.

Akaingia staji katika hopitali ya Bellevue. Mwaka 1932, mutafiti kijana, William Brebner, aliumwa na nyani wa laboratwari. Kidonda kilikuwa kidogo tu. Lakini miguu ikaanza kupooza, kupooza kukapanda juu mpaka pumzi ikashindwa. Hata wiki tatu hazikupita, akafa.

Watu wangeweza kusema ni polio, juu ya kazi aliyokuwa akifanya, na kufunga mambo. Sabin hakufunga. Alichukua vipande vya mwili wa marehemu, akaviingiza ndani ya sungura, na sungura wakagonjwa. Sasa, virusi vya polio havishiki sungura. Kwa hiyo hii ilikuwa kitu kingine. Mwaka 1934, pamoja na Arthur Wright, alitangaza virusi vipya, vikaitwa virusi B, kwa herufi ya jina la Brebner. Nyani anaweza kuvibeba bila kugonjwa sana. Kwa mutu vinaua. Tangu hapo, wanaofanya kazi na nyani walijua kwamba meno yake si ya kuchezea.

Ile desturi ya kuuliza virusi vimeingilia wapi hakuiacha. Waganga wengi waliamini polio inaingia kwa pua na kwenda moja kwa moja kwenye mishipa ya fahamu. Mwaka 1941, Sabin na Robert Ward walichunguza miili ya waliokufa na polio, wakakuta virusi ndani ya matumbo. Basi, kama adui anapita kinywani, mulinzi naye apite pale pale. Ndipo akatengeneza chanjo ya kunywa, yenye virusi hai vilivyodhoofishwa. Mwaka 1959 mamilioni ya watoto wa Urusi ya Kisovieti waliinywa, na Marekani ikaanza kuikubali mwaka 1961. Hakuiandikisha kama mali yake. Alikufa mwaka 1993.

Tuseme ukweli wote: pahali ambapo watoto wengi hawakuchanjwa, vile virusi dhaifu vinaweza kuzunguka muda mrefu, vikabadilika, vikapata nguvu ya kupoozesha. Hapa kwetu Congo tumeona hayo. Ndiyo maana mwaka 2016 dunia nzima iliondoa aina ya 2 katika matone ya kawaida, na watoto wanapewa pia sindano, ambayo haina virusi hai. Lakini vinabadilika juu ya watoto waliorukwa. Mulango mmoja unaofungwa mbele ya wachanjaji unawapa njia.

Baba, mama, wakibisha hodi, muangalie wino kwenye kidole cha kila mtoto wa nyumba, hata yule mugeni aliyefika jana.